Pimamaji

Mpwa wangu ni fundi wa kuchomelea pale Miasenyi, kando ya barabara kuu ya Mombasa. Hutengeneza milango, madirisha na vitanda, na sijasikia mteja aliyerudi kulalamika kwamba bawaba imeachia. Kwa hiyo alipoamua kuweka tangi la samaki sebuleni, alianza na meza ya kulibeba. Kioo alikipima sentimita 80 kwa 35, kimo 40. Hizo ni lita 112, na kwa kuwa lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, tayari ana kilo 112 kabla ya kuhesabu vioo na mchanga. Akaunga vyuma vya pembe, akaongeza miguu miwili ya katikati, akaweka pimamaji juu ya kila ukingo mpaka kile kipovu cha hewa kikatulia kati ya mistari yake. Akanipigia simu. "Mjomba, hii hata ndovu akiiegemea haitikisiki." Na huko kwao ndovu si wa kwenye vitabu, wanapita usiku nyuma ya nyumba.

Alinipigia mimi kwa sababu nimefuga samaki nyumbani kwangu Voi kwa miaka mingi, tangu nilipokuwa ningali nafundisha. Alitaka kujua silikoni gani inafaa kuungia vioo. Nilimweleza vizuri: achukue ile isiyo na dawa ya ukungu, maana dawa inayofaa bafuni huua samaki, na asitie maji mpaka harufu kama ya siki iishe kabisa, hata kama ni wiki nzima. Tulizungumza robo saa. Tulizungumza kioo na chuma. Kuhusu maji yenyewe sikumwambia neno, na yeye hakuuliza, kwa sababu nani huuliza kuhusu maji? Hilo ndilo kosa langu katika habari hii, na ndilo linalonifanya niiandike.

Alitaka tangi la mimea. Ukiijua Miasenyi utamwelewa: jua, vumbi jekundu, vichaka vya miiba vinavyokaa bila jani miezi na miezi. Alitaka sehemu moja ndani ya nyumba ambayo ni ya kijani mwaka mzima, akirudi jioni na macho yake mekundu ya moto wa kuchomelea akae aitazame. Ni tamaa njema na siwezi kumlaumu kwayo.

Mimea inataka udongo, na udongo anao. Ule mwekundu wa Tsavo, unaowapaka ndovu rangi ya matofali, una chuma ndani yake, na mizizi ya mimea ya majini hupenda chuma. Ukitandaza udongo kidogo chini ya tangi kisha ukaufunika kwa mchanga uliooshwa, mimea hushika vizuri. Wafugaji wengi hufanya hivyo. Lakini mpwa wangu alikumbuka jambo jingine. Nyuma ya jiko la mama yake, dada yangu, kuna tuta la sukumawiki linalosifiwa na majirani wote, na siri ya tuta lile ni samadi ya mbuzi. Akachota karai moja la udongo, akachanganya na nusu karai la samadi, akatandaza, akafunika kwa mchanga wa mtoni. Kwa macho ya mkulima hakuna kasoro hapo.

Samadi shambani huoza ikipata hewa na nafasi, na kile kinachotoka humo huchukuliwa na mizizi, na upepo, na ardhi isiyo na mwisho chini yake. Ndani ya kioo hakuna pa kwenda. Kila kinachooza ndani ya maji, iwe samadi, chakula kilichobaki, jani lililokufa au kinyesi cha samaki mwenyewe, hutoa amonia. Ni sumu isiyo na rangi, na ikiwa kidogo haina hata harufu. Nusu karai la samadi katika lita 112 ni sawa na kumpangisha mtu chumba kilicho juu ya choo kilichojaa.

Tangi lilijazwa Jumamosi kwa mitungi. Jumapili alikwenda Mombasa, akalala kwa rafiki yake, na Jumatatu asubuhi akapanda treni ya SGR ile inayosimama kila kituo, akashuka Miasenyi amekumbatia mfuko wa plastiki uliofungwa kwa raba. Ndani mlikuwa na samaki 20: neoni wanane, gupi sita, moli wanne na samaki wa dhahabu wawili. Mfuko mwingine ulikuwa na mimea. Wa tatu ulikuwa na hita ya kupashia maji joto, ambayo aliuziwa, na ambayo nyumba ya mabati ya Miasenyi haiihitaji hata siku moja.

Ukiwatazama kwenye orodha wanaonekana ni samaki 20 wadogo tu. Lakini neoni ni wa mito ya Amazoni, kwenye maji laini yaliyogeuka rangi ya chai kwa majani. Samaki wa dhahabu asili yake ni Uchina, hupenda maji ya baridi, hula sana na kuchafua sana. Gupi na moli huvumilia maji magumu kama yetu, haya yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika. Aliwatia chumba kimoja watu watatu ambao mmoja anatetemeka, mmoja anatokwa jasho na mmoja yuko kwao.

Jumanne nzima ilikuwa furaha. Watoto wa jirani walijaa sebuleni. Jumatano alfajiri aliamka akawakuta samaki wote wako juu, midomo imegusa uso wa maji, inafunguka na kufumba, inafunguka na kufumba. Akadhani wana njaa. Akawapa chakula, na walipokila kidogo akawaongezea.

Nimelala mara nyingi nikiifikiria midomo ile. Samaki anayekuja juu namna hiyo anatafuta pumzi. Alfajiri ndiyo saa mbaya kuliko zote katika tangi la mimea, kwa sababu mchana mimea hutoa oksijeni lakini usiku nayo hupumua kama sisi, na kufikia mapambazuko mimea na samaki wameigawana yote. Ongeza joto: maji ya nyuzi 30 hubeba oksijeni kidogo kuliko maji ya nyuzi 25. Ongeza samadi inayooza, ambayo nayo inakula oksijeni. Juu ya yote hayo, amonia ilikuwa imeshaanza kuyaunguza matamvua wanayopumulia. Chakula alichowatupia kwa huruma kikazama, kikaanza kuoza, kikawa amonia zaidi.

Alhamisi maji yakaingia ukungu mweupe. Akafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye moyo angefanya: akayamwaga yote, akajaza mapya moja kwa moja kutoka bombani, na ile sponji ya filta akaisugua kwa maji yenye klorini mpaka ikang'aa. Ijumaa neoni wa kwanza alikutwa ubavu juu. Jioni walikuwa wanne. Ndipo akanipigia.

Nilifika Jumamosi. Alikuwa amelifunika tangi kwa leso ya mama yake, kama anavyofunikwa mgonjwa, ili wageni wasione. Nilipoifunua maji yalikuwa meupe kabisa, safi, unaona ukuta wa nyuma mpaka ufa wake. Juu ya mchanga walilala moli watatu. Nilimchukua mmoja nikamfunua shavu kwa ukucha wa kidole gumba: matamvua yalikuwa mekundu yaliyovimba, kama ngozi iliyochomwa na mvuke.

"Lakini maji ni safi, mjomba," aliniambia. "Tazama. Nimeyabadilisha yote."

Nilitoa kichupa changu cha kupimia, nikachota maji, nikatia matone ya dawa, nikatikisa. Tulikaa kitako tukasubiri dakika tano. Maji yasiyo na amonia hubaki ya manjano. Haya yaligeuka kijani, tena si kijani cha kubahatisha. Yalikuwa kama jani la mwarobaini. Hakusema kitu. Alichukua kile kichupa, akakiinua dirishani kama anavyoinua pimamaji, akakitazama muda mrefu.

Nilimweleza pale pale, sakafuni. Kuna bakteria ambao chakula chao ni amonia. Wakiila wanatoa nitriti, ambayo nayo ni sumu: humfanya samaki akose pumzi hata katika maji yenye hewa tele. Kisha kuna bakteria wengine wanaoila nitriti na kutoa nitrati, na nitrati kwa kiasi kidogo haimdhuru samaki, tena ni chakula cha mimea. Bakteria hawa hawaelei ovyo ndani ya maji. Wamejishika kwenye mchanga, kwenye majani, na zaidi ya yote ndani ya sponji ya filta, ile aliyoisugua kwa klorini. Huzaana polepole. Tangi jipya huhitaji wiki nne hadi sita mpaka makundi yote mawili yatoshe. Katika wiki hizo tangi linakuwa limejaa, taa inawaka, pampu inanguruma, na bado hapakaliki. Yeye alilipa siku mbili.

Kulikuwa na jambo jingine la kwetu hasa. Amonia ina sura mbili majini, moja kali na moja pole, na kinachoamua ni pH na joto. Maji yakiwa na pH ya 7 na nyuzi 25, ile kali haifiki sehemu moja katika 100. Pandisha pH iwe 8 na inakuwa kama sehemu tano katika 100. Maji magumu ya kwetu, ndani ya nyumba ya mabati saa nane mchana, huifanya samadi ile ile kuwa sumu mara nyingi kuliko ingekuwa katika maji laini ya baridi.

Akauliza swali ambalo nililipenda. "Mbona Mzima viboko wanakunya majini na samaki wanaishi?"

Alikwenda Mzima akiwa mwanafunzi, katika safari niliyoipanga mimi. Pale Tsavo Magharibi maji yanabubujika kutoka chini ya miamba ya volkano, mvua ya vilima vya Chyulu iliyochujwa njiani, na tangu miaka ya 1950 sehemu yake inapelekwa kwa bomba hadi Mombasa, inavuka kaunti yetu hii ambayo watu wake wengi bado wananunua maji kwa mtungi. Kuna chumba cha chuma kilichozamishwa kwenye kidimbwi, chenye madirisha ya kioo. Unashuka ngazi, unakaa, na samaki wanakuja kukutazama. Wewe ndiye uliye ndani ya tangi. Viboko hula nyasi nchi kavu usiku, mchana wanarudi kutia samadi majini, na samaki wanaifuata samadi ile kwa makundi. Alikuwa anasema kweli.

Nikamwambia afikirie kile ambacho hakikuonekana kwenye dirisha lile. Mzima hububujika mamilioni ya lita kila siku, kinachochafuka kinaondoka. Kila jiwe, kila mzizi wa mafunjo, kila chembe ya mchanga imevaa bakteria, na hawakuanza jana. Wako wadudu, konokono na kamba wadogo wanaosagasaga kila kipande. Samaki walikuja mwisho, wakakuta kila kitu kimeshapangwa. Yeye aliwaleta samaki kwanza akategemea vilivyobaki vifuate.

Walionusurika walikuwa watano, gupi wanne na moli mmoja. Samaki wa dhahabu wa mwisho alikufa tukiwa tunazungumza. Tukawatia hao watano kwenye ndoo yenye kifuniko, nikarudi nao Voi kwa matatu, ndoo katikati ya magoti, nikaifunua kila tuliposimama ili ipate hewa.

Wiki iliyofuata tulianza upya. Tulitoa udongo wote, na samadi ikarudi kwenye tuta la dada yangu ilikokuwa inatakiwa. Safari hii tulitia udongo mwekundu mtupu, kina cha vidole viwili, mchanga juu yake vidole vitatu. Tukapanda mimea mingi mno, zaidi ya ile aliyoona inapendeza, hasa inayokua haraka, kwa sababu mimea inayokua huinyonya amonia yenyewe kabla ya bakteria kufika. Maji yalilala kwenye ndoo wazi siku nzima ili klorini iondoke. Hita tuliiacha kabatini. Tangi tulilisogeza mbali na dirisha la magharibi. Nami nilichukua sponji ya filta yangu ya miaka mingi, nyeusi, yenye utelezi, nikaikata nusu na kuileta ikiwa imelowa ndani ya mfuko. Tuliikamua ndani ya tangi lake. Maji yakachafuka rangi ya matope na nikamwona uso umemsinyaa, fundi anayependa kazi safi. Nikamwambia uchafu ule ndio aliokuwa ameukosa.

Kisha kazi ikawa kungoja. Kila siku chembe mbili za chakula ndani ya tangi lisilo na samaki, zioze, bakteria wapate kula. Kila siku ya pili apime na kuandika. Alinunua daftari la shule, akachora mistari kwa rula: tarehe, amonia, nitriti, nitrati. Majani yaliyofifia alitakiwa ayaokote kila siku. Mwaka 1850 mkemia wa London aitwaye Robert Warington, aliyekuwa anaweka samaki wa dhahabu na mimea katika chombo kimoja cha kioo, aliona kwamba majani yanayooza yanayaharibu maji, akaongeza konokono wa kuyala. Mpwa wangu hana konokono. Ana kibano alichojitengenezea kwa waya.

Kungoja kulimtesa kuliko vifo vile. Wageni walimuuliza samaki wako wapi, akarudisha leso juu ya tangi. Ikabidi nimwambie aiondoe, mimea inataka mwanga. Wiki ya pili nitriti ilipanda ikakaa juu siku nyingi, akaamini ameharibu tena, akataka kumwaga yote. Nilimshika kwa simu karibu kila usiku. Maji aliyopunguza, ndoo moja moja, hakuyamwaga barabarani. Dada yangu aliyachukua kwa ajili ya sukumawiki, maana yale yanayokera tangi ndiyo yanayonenepesha mboga, na Miasenyi hakuna mtu mwenye maji ya kupoteza.

Wakati huo huo kwangu Voi gupi wake walizaa. Majike mawili, ndani ya mwezi, vifaranga zaidi ya 30. Gupi jike huweka mbegu za dume mwilini kwa miezi, akazaa tena na tena hata akiwa peke yake. Nilipomwambia alicheka kwa mara ya kwanza, kisha akasema jambo lililonishtua. "Si tuwamwage kwenye silanga, mjomba? Wale viluwiluwi vya mbu. Na ile mimea iliyozidi nayo."

Sikumlaumu, hata serikali na wataalamu wa zamani waliwamwaga gupi katika nchi nyingi kwa hoja hiyo hiyo. Lakini nilimkatalia kwa nguvu ambayo sikuitumia hata siku ya samadi. Samaki waliokufa tangini ni 15, na hasara yao iliishia sebuleni. Silanga haina kuta. Mvua za Novemba zikija inafurika, na maji huenda yanakotaka. Nilimkumbusha Ziwa Chala, kule Taveta, ndani ya kaunti hii hii. Humo kuna perege ambaye kwa asili hapatikani popote duniani isipokuwa katika ziwa hilo moja. Wataalamu humwita Oreochromis hunteri. Leo anagombania ziwa lake na perege wageni waliotiwa na mikono ya watu, na yuko katika hatari ya kutoweka. Na gugu maji lililoziba ghuba ya Kisumu miaka ya 1990, likafunga mashua na kuwanyima wavuvi njia, lilitoka Amerika Kusini likasambazwa duniani na watu waliopenda ua lake la zambarau. Lilianza kama pambo la bwawa la mtu.

Alinyamaza. Kisha akasema, "Basi mimea iliyozidi nitaikausha juani, nimpe mama aitie kwenye tuta."

Siku ya 34 alinisomea daftari kwa simu. Amonia sifuri. Nitriti sifuri, mara ya tatu mfululizo. Nitrati ipo kidogo. Alisema mimea imegusa uso wa maji na kwamba jioni, taa ikiwa inawaka, vipovu vidogo vinapanda kutoka kwenye majani kama ushanga. Nikamuuliza anataka samaki wangapi.

"Watano kwanza."

"Wa aina gani?"

"Gupi wako. Madume matupu."

Alikuja Jumamosi na ile ndoo yenye kifuniko. Mfukoni alikuwa na chupa ndogo ya maji ya tangi lake, ameifunga vizuri kwa plastiki, ili tuyapime tena kwa dawa yangu kabla hajamgusa samaki hata mmoja. Nikatia matone, yeye akatikisa. Tukakaa barazani tukangoja dakika tano, hatuzungumzi. Akakiinua kichupa juani. Maji yalikuwa ya manjano.